Sekunde Arobaini za Mzee Nicanor

Mimi naitwa Lynnet, na kabla sijaanza niseme wazi: nina mdomo. Wateja wa saluni yangu hapa Migori wanalijua hilo. Ukikaa kwenye kiti changu nitakusuka vizuri, lakini kama umefanya upuzi nitakwambia huku nimekushika nywele, na hutakuwa na pa kukimbilia. Kwa hivyo nikikueleza habari za Rael Wangwe usitarajie nimpake mafuta. Huyo dada amenisumbua roho tangu tukiwa na miaka ishirini na mitatu.

Mwaka huu ametoa albamu. Nyimbo tisa, gitaa la umeme, roki tupu, na maneno yote kayatunga yeye. Hakuna kampuni nyuma yake wala mfadhili. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2012, hesabu mwenyewe. Watu hunijia hapa wakiuliza, "Kwani huyu alikuwa wapi?" halafu kabla sijafungua mdomo wananijibia: aliolewa Tanzania, aliokoka, alirogwa. Wacha wee! Nimechoka kusikia uongo, ndiyo maana nasimulia.

Babake Rael alikuwa Mkuria wa Isebania, mpakani kabisa, na mamake Mjaluo wa Rangwe. Gitaa alijifunza kanisani, kwaya ikamfukuza kwa sababu kila wimbo alitaka kuutia kelele. Tukaunda bendi ya watu watatu: Rael gitaa na sauti, Simeon besi, mimi dramu. Ndiyo, mimi, dramu. Cheka umalize. Huku kwetu watu wamezoea gitaa linalotiririka, la kuchezesha mabega. Sisi tulikuja na gitaa linalonguruma, na bado walitupenda, kwa sababu Rael aliimba mambo wanayoyajua. Aliimba foleni ya maji. Aliimba mwalimu mlevi, na mama anayevusha mahindi mpakani akiwa ameyafunga mgongoni kwa leso ya kubebea mtoto.

Sasa kuna jambo moja lazima ulielewe, la sivyo hutaelewa lolote. Wajaluo wana kitu kinaitwa pakruok. Mziki ukiwa katikati, mtu anainua mkono, anatia kitu kidogo mbele ya wanamuziki, na bendi inashusha sauti. Anapewa maiki. Anajisifu: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mume wa fulani, nitazameni. Anaweza kumsifu rafiki, shemeji, hata marehemu. Akimaliza, bendi inapanda tena. Haijalishi unapiga mziki gani. Mkono ukiinuka, unashusha. Ukikataa, umemtukana huyo mtu pamoja na wote anaotaka kuwataja.

Desemba ya 2013 tulialikwa Rangwe, mchana wa Jumamosi, uwanjani karibu na soko. Watu walijaa. Katikati ya wimbo wetu mkubwa, upande wa kulia wa jukwaa, mzee mmoja akasimama akainua mkono. Alikuwa Nicanor, fundi wa nguo wa pale sokoni, mtu mpole ambaye hakuwahi kujisifu hadharani maisha yake yote. Mkewe, Roseline, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Sote tulijua yaliyotokea kwenye mazishi hayo: wanasiasa walishika maiki kuanzia saa nne mpaka jeneza likashuka, na mume wa marehemu hakupewa hata dakika moja ya kusema neno. Kwa hivyo aliposimama, uwanja mzima ulijua anataka kumsifu nani.

Rael hakushusha. Aliimba amefumba macho, ubeti baada ya ubeti. Nicanor akasogea mbele akaita. Akaita tena. Watu wakaanza kupiga mbinja. Rael akaimba hadi mwisho, akafumbua macho anatabasamu, akakuta mzee anavaa kofia yake anaondoka, na uwanja wote umenuna.

"Kuna nini?" aliniuliza.

"Kwani wewe ni nani?" nilimjibu. "Wewe ni nani hata usimshushie mzee wa watu?"

Aligeuka akamtazama yule mzee anavyokwenda. Midomo ikamcheza, lakini hakusema kitu, wala kuomba radhi. Kunyamaza huko ndiko kulikowawasha watu. Siku ile ile nilimpa vidonge vyake pale stendi ya Rangwe, mbele za watu, nikamwita mwenye kiburi, nikamwambia asinijue tena. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kufikia Jumatatu habari zilikuwa zimefika Homa Bay na kurudi: binti wa Mkuria anatudharau, amesahau hata kwao kwa mamake. Mialiko ikakatika. Simeon akaenda kupiga besi kanisani. Rael akauza spika zake, akabaki na gitaa, akavuka kwenda Remba.

Kama hujafika Remba, ni kisiwa kidogo cha mwamba, kimejaa mabati, watu na samaki, hakuna pa kutema mate. Rael alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, akaianika juu ya nyavu, akaipeleka Mfangano na Homa Bay. Miaka kumi na moja. Habari zake nilizipata kwa wanawake wa samaki. Wote walisema anafanya kazi kama punda na haimbi. Nami nilisema, vizuri, apoe.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mlango wa saluni ukafunguka akaingia yeye. Ngozi imepigwa na jua, gitaa liko ndani ya gunia.

"Lynnet, nimekuja unisuke," alisema. "Na nina nyimbo tisa. Nataka unipigie dramu."

"Toka," nilimwambia.

Akaketi kwenye kiti. Ndivyo alivyo: ukimfukuza, anaketi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walijifanya wanasoma simu. Nikasema sawa, nitamwosha, nitamsuka, nitamtoa. Nikamlaza kichwa kwenye sinki, nikafungua maji, nikasimama kuliani kwake, na nilipokuwa namsugua nikaanza kutapika ya moyoni. Nilimwambia aliniua. Nilimwambia nilikuwa na ndoto moja tu duniani naye akaikanyaga, na kama angekuwa na haya asingenionyesha uso. Nikasema na mengine ambayo sitayarudia. Yeye amefumba macho, uso umetulia kabisa, utadhani namwimbia.

Nilichemka. Nikazunguka kushoto nichukue taulo, nikanong'ona, "Hata hujali."

Akafumbua macho. "Sijali nini?"

Nikabaki na taulo mkononi. Nikafunga maji, nikarudi kulia, nikamwita jina lake. Kimya. Nikaita kwa nguvu, wateja wakaruka. Yeye hakugeuka. Nikarudi kushoto.

"Rael, sikio lako la kulia lina nini?"

Alikaa wima, maji yanamtiririka mgongoni, akawaangalia wale wateja. Niliwatoa nje wote wawili. Mmoja hajarudi hadi leo. Ndipo akaniambia. Novemba ya 2013, wiki tatu kabla ya Rangwe, alishikwa na matubwitubwi, ugonjwa wa watoto, yeye mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Shingo ikavimba, akajificha kwa nyanyake kwa aibu. Nyanya akamwambia afanye jinsi watoto wanavyofanya: abebe vijiti kichwani, akavitupe chini ya mti wa yago, arudi mbio bila kugeuka nyuma. Akafanya! Mwanamke mzima anakimbia shambani. Uvimbe ulipungua, lakini sikio la kulia halikurudi.

"Pale Rangwe sikusikia mtu," alisema. "Spika ilikuwa inangurumia sikio la kushoto. Haki ya Mungu, Lynnet, nilipofumbua macho ndiyo mara ya kwanza kumwona."

"Na mbona hukusema? Miaka kumi na moja!"

"Niseme nini? Mwenye kiburi akijishusha anaitwa tena. Mwimbaji kiziwi, nani atamwita?"

"Mficha uchi hazai," nilimwambia.

"Ndiyo nimekuja sasa. Daktari anasema hili la kushoto nalo linachoka. Nikingoja tena, nitakuwa na nyimbo tisa ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzisikia."

Hapo nililia, na kilio changu hakikuwa cha huruma peke yake. Nitakwambia ukweli. Mimi nilimwona Nicanor. Nilikuwa nyuma ya dramu, uwanja wote uko mbele yangu, na nilimwona tangu alipoinua mkono. Macho yetu yalikutana. Ningeweza kuacha kupiga. Dramu ikinyamaza hakuna mwimbaji, mzima wala kiziwi, atakayeendelea. Lakini wimbo ulikuwa umekolea. Hatukuwahi kuupiga vizuri hivyo. Nikajiambia kushusha ni kazi ya mwimbaji, si yangu, nikaendelea kupiga. Halafu nikamtupia mwenzangu lawama yote, nikailisha miaka kumi na moja ikanenepa. Na siku ile saluni sikumwambia. Nilimsuka, nikakubali kupiga dramu, basi.

Studio ni ya Levis, hapa hapa Migori, nyuma ya duka la mbao. Chumba kimoja, magodoro yametundikwa ukutani kuzuia kelele. Levis alikuwa mwalimu wa hisabati na bado anahesabu kila kitu. Hatukumwambia habari ya sikio. Rael alidai ni mtindo wake kusimama ubavu, sikio la kushoto likielekea dramu, miguu pekupeku juu ya ubao mrefu. Mwisho wa pili wa ubao huo ulikuwa chini ya ngoma yangu kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu. Nikipiga, ubao unatetemeka, naye anajua tulipofika.

Siku tatu za kwanza zilikuwa balaa. Sauti yake ilikuwa inateleza, inapanda juu kidogo, yeye mwenyewe haoni. Wimbo wa kwanza tuliurudia mara thelathini na moja. Levis aliandika idadi hiyo ukutani kwa penseli, nenda utaiona.

"Dada, tuinyooshe na kompyuta," alisema. "Ni dakika tano tu."

"Kompyuta haijakaa Remba," Rael alimjibu. "Tunarudia."

Tulirudia. Siku ya nne sauti ilikaa mahali pake, na aki, nilisahau mikono yangu inauma. Kumbe wale wanawake wa samaki walikuwa wakinidanganya, au hawakuwa wakisikiliza. Kila siku alikuwa akitunga. Akigeuza omena safu moja juu ya wavu, anatunga mstari mmoja; akifika mwisho wa wavu, amepata ubeti. Mvua ikishuka ghafla anakimbia kukusanya omena na ubeti unapotea, kesho anautafuta upya. Hakuna karatasi. Alikuja na nyimbo hizo kichwani zote, na alijua kila pumzi itakapokaa. Kufikia wiki ya nne tulikuwa na nyimbo nane, na jina la albamu alishalichagua: Upande wa Kushoto.

Wimbo wa tisa aliuweka mwisho kwa makusudi. Tulipoanza kuupiga, katikati akatuambia tushushe, tupige chinichini, na asiimbe mtu. Levis akatazama saa yake.

"Sekunde arobaini hakuna kitu," alisema. "Hapa panaenda nini?"

"Hapo ni pa Mzee Nicanor wa Rangwe," Rael alisema. "Atasema alichotaka kusema."

Mimi niliinama nikajifanya natafuta kijiti cha dramu kilichoanguka. Levis akauliza kama huyo mzee amekubali. Rael akasema bado hajamwuliza.

Alikwenda peke yake kesho yake, akarudi mchana uso umekauka. Nicanor alimsikiliza bila kuacha kukanyaga cherehani. Rael hakumweleza habari ya sikio; aliomba radhi tu, akaomba sauti yake. Mzee akamwambia, "Nilisimama wimbo mzima mbele ya watu. Mkono wangu uliuma. Nenda, nyar Kuria." Yaani binti wa Wakuria. Basi, ndiyo hayo.

"Toa hizo sekunde," Levis alimwambia. "Jaza gitaa. Wimbo ni mtamu hata hivyo."

"Bila yeye sitoi."

"Toa nyimbo nane, basi."

"Nyimbo nane si albamu yangu, Levis. Bila yeye sitoi hata mmoja."

"Kuna mjomba wangu ana sauti nzuri sana ya kizee..."

Rael alimtazama tu. Levis akakumbuka ana shughuli dukani, akatoka. Mimi nilibaki nikabishana na Rael. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nilimwambia daktari hatamngoja, nilimwambia vidole vyangu vimetoka malengelenge kwa ajili ya nyimbo hizi na sasa anataka kuzifungia sandukuni kwa sababu ya sekunde arobaini. Alinisubiri nimalize.

"Nitarudi Rangwe nimwambie ukweli," alisema. "Twende wote. Peke yangu nitaogopa tena."

Ningesema nini? Nilisema nina wateja. Akasema niwapange Jumatatu. Nikaenda.

Nicanor alikuwa kibandani mwake sokoni, anashona sare za shule. Alituona, akaendelea kukanyaga.

"Oyawore, jaduong'," Rael alimwamkia Kiluo, kama inavyompasa mzee.

"Nilishakujibu juzi."

Rael akavuta pumzi. "Jaduong', siku ile sikukusikia. Sikio langu la kulia lilikuwa limekufa wiki tatu kabla, nawe ulisimama upande huo. Niliona haya kusema. Nikaacha watu waamini ni kiburi, nawe ukaamini umetukanwa. Umelibeba tusi hilo miaka yote hii, na ningeweza kukutua siku ya kwanza."

Cherehani ikasimama.

"Miaka kumi na moja," mzee alisema. "Na leo ndiyo umepata sikio bovu? Kwa sababu unataka sauti yangu?"

"Nipime."

Mzee akainuka, akajifanya anakwenda kutundua shati ukutani, akapita nyuma ya Rael, akasimama karibu na bega lake la kulia. Akasema kitu. Kilikuwa juu ya marehemu mamake Rael, na ni kitu ambacho mtoto yeyote mwenye damu angegeuka na kofi. Mimi mwenyewe nilishtuka nikaziba mdomo. Rael alikuwa anaitazama cherehani, mikono imekunjwa, anangoja.

"Ameshaanza?" aliniuliza.

Mzee akashika ukuta. "Yawa," alisema. "Yawa, nyathina, mwanangu." Akazunguka mbele akaketi, akaanza kumwomba mtoto wa watu msamaha kwa maneno ambayo hakuyasikia, na Rael alipomwuliza ni maneno gani akakataa kata kata kuyarudia. Machozi yalimlenga. Alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe. Si wewe uliyekuwa kwenye ngoma?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe ulinitazama."

Alisema kwa sauti ndogo. Rael hakuishika, akanisogezea sikio lake la kushoto. "Anasema nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. Haki, hilo lilinipitia kichwani. Ningesema mzee anauliza habari za nyumbani. Nikapiga moyo konde, nikapaza sauti wote wawili wasikie, na nadhani muuza nyanya wa jirani naye alisikia.

"Anasema nilimtazama, na ni kweli. Nilikuona, mzee, tangu ulipoinua mkono. Ningeacha kupiga, Rael angesimama. Sikutaka wimbo ukatike. Nina masikio mawili mazima na macho mawili, na kosa ni langu."

Muuza nyanya akaacha kupanga nyanya. Rael alinitazama, nami nilitamani anipige, yaishe.

"Stendi ya Rangwe, Lynnet," alisema. "Mbele za watu."

"Najua."

"Kumi na moja."

"Najua, Rael. Nisamehe. Nisameheni wote."

Akanipa mgongo. Mzee naye akakanyaga cherehani, akaishona mikono miwili ya shati kabla ya kusema neno. "Nimesikia," alisema mwishowe. "Nendeni. Niacheni nishone."

Tulirudi Migori, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Nilikwenda studio siku iliyofuata, nikaketi nyuma ya dramu, hakunisemesha. Siku ya pili vilevile. Nilijua akitaka mpiga dramu mwingine atampata, na ningestahili. Siku ya tatu alikuja akasimama mbele yangu.

"Ngoma yako kubwa imelegea," alisema. "Miguu yangu haiisikii vizuri. Ikaze."

Niliikaza huku nalia, na sikuona haya. Lakini wimbo wa tisa ulibaki na pengo lake. Levis aliwauzia wengine zamu zetu, wanakwaya wakaja, mtu wa matangazo ya mbolea akaja, na Rael kila asubuhi alikuwa pale kwenye benchi nje na gitaa lake, anasubiri. Wanawake wa Remba walimpigia simu kwamba omena imejaa, arudi. Akawaambia wamshikie nafasi.

Wiki ya pili tangu turudi kutoka Rangwe, Alhamisi, saa nne asubuhi, mzee mmoja akaja akiuliza kwa watu wa mbao wapi wanaimba. Alivaa suti ya kijivu, mishono yake mwenyewe, na kofia. Hakuna aliyemleta wala aliyempigia simu. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitazama mara moja tu, akairudisha mfukoni.

"Mkono niinue, au nianze tu?" aliuliza.

"Inua, jaduong'," Rael alisema.

Akasimamishwa kwenye maiki, mbele ya Rael, uso kwa uso. Levis akamweleza pole pole kwamba ni sekunde arobaini, mzee, nitakuonyesha kwa vidole zikikaribia kwisha. Nicanor akaitikia kwa kichwa. Tukaanza. Rael aliimba beti mbili, ubao unatetemeka chini ya nyayo zake, na tulipofika mahali penyewe, mzee akainua mkono wake wa kulia juu kabisa.

Rael akashusha. Nami nikashusha.

"Mimi ni Nicanor, fundi wa Rangwe," alisema. "Nimesimama kumsifu mke wangu, Roseline, nyar Kanyada. Roseline aliyeuza maharagwe akijaza gorogoro mpaka yanamwagika, nikimwambia utatufilisi, ananiambia wewe shona. Gauni la kwanza nililomshonea, mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, akalivaa kanisani hivyo hivyo, akatembea ameliringia."

Levis akainua vidole kumi. Akakunja kimoja kimoja. Vikaisha. Mzee hata hakumwangalia.

"Roseline aliyewapenda watoto hawa wa kelele, akaniambia, baba, mwanamke akinguruma hivi ana la kusema. Aliugua siku tisa. Siku ya nane aliniuliza kama nimekula."

Dakika ya pili ikapita. Levis akanionyesha ishara ya kukata shingoni. Mimi nikamwonyesha yangu ambayo siwezi kuieleza hapa, na mguu wangu haukuacha. Akamgeukia Rael. Rael hakuwa na habari naye. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa mzee, hayapepesi. Mzee akakwama, akafunga mdomo, akameza mate. Nikadhani sasa Rael ataingia na gitaa. Hakuingia. Alingoja. Mdomo ukafunguka tena.

"Walimzika wakiongea kura. Jina lake walilitaja mara mbili, mara moja wakalikosea. Hakuitwa Rosemary. Aliitwa Roseline. Roseline. Roseline, nyar Kanyada."

Alisema yote. Alitaja watoto aliowazaa na yule aliyempoteza, alitaja mbuzi aliogombana nao, alitaja namna alivyofunga kitambaa Jumapili. Levis aliweka mikono mapajani, akaacha kuhesabu. Ilikuwa dakika ya saba mzee aliposhusha mkono wake, akanyamaza. Rael alimtazama mdomo muda mrefu, ahakikishe.

"Umemaliza, jaduong'?" aliuliza, maiki ikiwa wazi, na maneno hayo yako kwenye albamu mpaka leo.

"Nimemaliza," mzee alisema. "Sasa nimemzika. Imba, nyathina."